Sylvanus Hana Magamba

Shangazi Kwamboka hakubisha hodi. Alijitoma hadi katikati ya sebule ya Celestine, kikapu cha mboga za chinsaga mkononi, uso umekunjamana kama wa mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Mama Linda, nimetumwa. Mzee anasema huyo samaki mwenye ndevu atoke humu kabla ya Sabato. Hafai."

Celestine alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi jipya la kioo, mkono mmoja majini hadi kwapani, akipanga mawe. Aliutoa polepole, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni.

"Hafai kwa nini?"

"Hana magamba."

"Na nani amemkagua?"

"Mimi hapa." Kwamboka aliinua kidevu. "Jana, ulipokuwa unachemsha chai. Mapezi nimeyaona. Magamba hakuna, hata la dawa. Nikaona dhambi kunyamaza."

Na Kwamboka alikuwa mwoga sana wa dhambi hiyo. Tangu azaliwe hakuwahi kuitenda.

Celestine aligeuka kumtazama mshtakiwa. Alikuwa amejibanza chini ya jiwe kubwa, ndevu zake sita zikipapasa mchanga, hana habari kwamba kesi yake imesikizwa na hukumu imeshatoka. Jina lake Sylvanus. Alikuwa wa ukoo wa kambare, wa aina ile yenye madoa inayotoka ziwani, ambayo ukiitoa majini inalia. Celestine alimbatiza jina la mwimbaji mmoja wa parokia ya kwao Ekerenyo, mtu mwema aliyekuwa akiziendea noti za juu na kurudi bila hata moja. Alimnunua akiwa na urefu wa kidole gumba. Miaka sita baadaye alikuwa amejaa kiganja na kupita, na kugeuka ndani ya tangi lile la zamani kulikuwa kama kugeuza lori la majani chai kwenye kichochoro. Pua ilikuwa imechubuka kwa kugonga kioo.

Ndiyo maana Celestine aliagiza tangi la lita mia tatu. Fundi wa vioo wa Kisii mjini aliligundisha vioo vyake kwa silikoni, mchomeleaji wa Nyakoe akaunda meza ya chuma ya kulibeba, na kwa siku nne tangi lilikaa uani limejaa maji, kuku wakilizunguka, hadi Celestine aliporidhika kwamba halivuji. Sponji ya chujio la zamani hakuisuuza, aliihamisha na uchafu wake wote ili maji mapya yasiwe mageni kwa samaki. Jumapili, baada ya misa, Sylvanus akahamia. Alizunguka mara moja, mara mbili, akitafuta ukuta wa kugonga, asiupate.

Na leo Jumatatu ameandikiwa notisi.

Aliyeiandika alikuwa Mzee Masese, baba mkwe wa Celestine na mzee wa kanisa la Waadventista. Kanisani mwao samaki wa kuliwa ni mwenye mapezi na magamba, na kambare wa kila namna ni najisi, hilo halina mjadala. Celestine alikuwa Mkatoliki aliyeolewa humo na hakuhama, na kwa miaka tisa hakuwahi kuingiza kambare kwenye sufuria ya boma lile. Lakini tangi si sufuria! Hilo ndilo lililomchemsha. Lilikuwepo na jingine. Jumamosi zamu ya kikundi cha maombi ilikuwa kwake, na mzee hakutaka waumini wafumbe macho mbele ya samaki mwenye ndevu.

Kwa nini basi mzee hakuja mwenyewe kumkagua huyo samaki? Kwa sababu asingeweza. Mgusii wa umri wake anayejiheshimu haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ndiyo chinsoni, adabu ya kuoneana haya, na Masese aliishika kama alivyoishika Sabato. Miaka tisa hakuwahi kukivuka kizingiti kile. Kiti chake kilikaa barazani, shubiri moja kutoka mlangoni, chai ikipokezwa hapo. Zamu ya maombi ilipofika waumini waliketi sebuleni na yeye akahubiri kupitia dirishani, kama karani wa kuuza tiketi.

Yaani hakimu hajawahi kumwona mshtakiwa, na shahidi ni Kwamboka.

"Mwambie mzee nimesikia," Celestine alisema.

"Tu?"

"Na umwachie chinsaga hiyo, ya kwangu ninayo."

*

Kesho yake saa kumi jioni kiti cha Mzee Masese kililia barazani. Celestine alikuwa ndio kwanza ametoka dukani. Alifanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo pale Nyakoe, na huko wanaume wenye mvi walimshikia kofia mkononi wakimuuliza ndama apewe vijiko vingapi, na alichosema ndicho kilichofanyika. Akifika nyumbani kwake, kila mtu anajua kumshinda.

"Mama Linda."

"Naam, Tata."

"Ujumbe wangu ulifika?"

"Ulifika. Ulikuja na mboga."

Mumewe Anyona, ambaye alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Keumbu na moyo wa kupenda amani kupita kiasi, aliinama akaanza kukichunguza kiatu chake kama simu iliyoingia maji. Shangazi Kwamboka alikuwa ameketi kwenye ngazi, amekuja "kupumzika miguu".

"Mimi simli, Tata," Celestine alisema kutoka mlangoni.

"Leo humli."

"Miaka sita! Kama ni kumla, ningengoja azeeke ndio nimle?"

"Nyumba ya maombi haikai na kitu najisi."

"Na Chui je?" Mbwa wa mzee, aliyelala chini ya kiti, alisikia jina lake akainua sikio moja. "Chui ana kwato? Anacheua? Kila Jumamosi yuko hapo anaombewa pamoja nasi."

"Chui yuko nje."

"Paka wa mama analala ndani. Kitandani."

Mzee alikohoa. "Paka hana mwenyewe. Paka anajiletea." Akakaa sawa. "Sikuja kubishana na wewe. Nimekutafutia wanaofaa. Obadiah wa Ekerenyo ana bwawa la ngege. Safi, magamba kama mabati. Utaweka hao, na huyo mwingine atapelekwa bwawani huko, akakae na maji mengi. Si ulikuwa unataka nafasi? Hiyo ni nafasi."

"Tata, ngege wa bwawa anakua kama sahani! Atafukua mchanga wote, atapigana na kila mtu, atakaa humo kama mtu amevaa koti la mtoto. Na huyu wangu Obadiah atamfanya nini? Atamkuta anakula vifaranga vya samaki wake, atampiga jembe."

"Obadiah ni mtu wa Mungu."

"Jembe lake halijaokoka."

Anyona alitoa sauti ambayo huenda ilikuwa kicheko, kisha akaimeza haraka.

"Mama Linda," mzee alisema polepole, "samaki asiyefaa hafai."

"Umemwona?"

"Nimeambiwa."

"Umeambiwa! Basi ingia umwone kwa macho yako."

Kwamboka alishika kifua kwa mikono miwili. "Ee Nyasae! Unamwita baba mkwe wako ndani?"

Celestine alijua alichosema, na alijua hakiwezi kurudi mdomoni. Hakungoja kujibiwa. Aliingia ndani, akachota beseni la maji ya tangi, akazamisha mikono yote miwili. Wavu hautumiki kwa samaki kama huyu, miba ya mapezi yake hunasa. Alimkinga tumboni kama anayebeba yai, akamtia kwenye beseni, akatoka naye hadi kizingitini. Hapo akamwinua juu ya maji, uso kwa uso na mzee wa kanisa.

Sylvanus akasema neno lake.

"Kwiii! Kwi-kwi-kwi!"

Ilikuwa sauti ya bawaba isiyojua mafuta. Mzee Masese aliruka nyuma, kiti kikampokea kwa bahati tu. Chui akakimbilia kwenye migomba.

"Anaongea!" Kwamboka alipiga yowe. "Kitu najisi kinaongea!"

"Analia nini?" mzee aliuliza, sauti imemkauka.

"Amechukia," Celestine alisema, akimrudisha majini. "Mtu akitolewa nyumbani kwake bila kosa atafanya nini, atacheka? Na sikia, Tata. Mimi pia sina magamba. Miaka tisa nimewapikia Ijumaa ili Jumamosi mle bila kuwasha moto, na Jumapili naenda kwa Bwana wetu huyohuyo peke yangu. Mimi mtanipeleka kwa Obadiah lini?"

"Hakuna aliyekutaja wewe."

"Hakuna haja ya kutajwa."

Anyona aliinua uso kutoka kwenye kiatu. "Baba," alisema, "samaki huyu hajamkosea mtu." Kisha, akiwa ameutumia ujasiri wake wa mwaka mzima, akakirudia kiatu.

Mzee alikuwa ameinama juu ya beseni, miwani imeteleza hadi nchani mwa pua, akitazama madoa yale, macho yale makubwa, ndevu zikipapasa plastiki. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anayetazama kitu cha kuchukiza.

Celestine aliona mlango umefunguka kidogo akatia mguu. "Mwezi uliopita ulihubiri hapo dirishani. Mimi nilikuwa jikoni na nilisikia yote, maana hukunong'ona. Ulihubiri gharika. Sasa niambie, Tata, siku ile wanyama wasio safi waliachwa nje wafe maji?"

Mzee alijua njia hiyo inaelekea wapi. Lakini alikuwa amefundisha Maandiko miaka arobaini, na mwalimu hawezi kuacha jibu analolijua.

"Waliingia," alisema.

"Kwa mlango ama kwa dirisha?"

"Kwa mlango. Kwa amri."

"Basi."

"Ngoja." Kidole kilipanda. "Usichukue nusu ukaacha nusu. Walio safi, saba saba, dume na jike. Wasio safi, wawili. Wewe unaye mmoja. Mmoja si hesabu ya safina." Aliegemea kiti, sauti imemrudia yote. "Kufikia Jumamosi, huyu awe na mwenzake, na walio safi wawe saba mara mbili. Hapo sina neno. La sivyo, ni Ekerenyo."

Kwamboka alipiga makofi. Celestine alibaki amesimama na beseni lake. Alikuwa ameshinda na kuamrishwa kwa pumzi moja, na hakujua lipi limuume zaidi. Alilijua. La kuamrishwa.

*

Abdinasir alikuwa na duka nyuma ya soko la Kisii mjini, matangi yamepangwa hadi darini. Wazazi wake walihamia hapo kabla hajazaliwa, na Ekegusii alikizungumza kwa haraka iliyomshinda Anyona.

"Nataka kumi na wanne wenye magamba," Celestine alimwambia Jumatano. "Na ndugu yake Sylvanus."

"Kumi na wanne kamili? Nani alikupigia hesabu?"

"Baba mkwe. Ameitoa safinani."

Abdinasir alicheka hadi akashika ukingo wa meza. "Tangi lita ngapi, dada? Mia tatu? Na mzee amewahi kufuga?"

"Hajawahi hata kuliona tangi lenyewe!"

"Basi huyo ana kipaji. Kumi na wanne wa wastani wa kukaa katikati, wawili wa kukaa chini. Mimi ningekuambia hivyohivyo. Na hawa wa ndevu hupenda kuwa na mwenzao. Nilikuambia miaka sita iliyopita, ukasema utamwimbia wewe."

Hilo lilimkera kuliko yote. Mtu anaweza kuvumilia kuamrishwa na mjinga, lakini mjinga aliyepatia?

Alipita mbele ya vioo. Alionyesha vidogo vyekundu, vinene kama njiti ya kiberiti.

"Sylvanus ana mdomo mpana kiasi gani?" Abdinasir aliuliza. "Samaki anayeenea mdomoni mwa mwenzake si jirani, ni kitoweo."

"Wale wa dhahabu?"

"Hao wanapenda baridi. Wewe umemwekea wako hita. Mmoja wao ataumwa, chagua nani." Akagonga kioo cha kona. "Chukua hawa wa mistari. Maji ya mvua wanayapenda, si kama wale wa maziwa ya chumvichumvi. Wakiwa wachache wanauma mapezi ya watu. Wakiwa wengi wanasumbuana wao kwa wao, kama kwaya. Na magamba wanayo, mzee akihesabu."

"Nifungie kumi na wanne."

"Sita."

"Abdinasir!"

"Sita, mama. Nimekaa nao mwezi mzima, ni wazima. Lakini chujio lako limezoea uchafu wa samaki mmoja. Ukiliongezea kumi na wanne siku moja maji yatachafuka, na Jumamosi utawaonyesha waumini maiti zinazoelea. Sita leo. Wengine baada ya wiki mbili, tatu. Na wa ndevu sina. Hawajaletwa kutoka ziwani."

Celestine alisimama pale akiwa amekunja ngumi ndani ya mfuko wa koti. Kumi na wanne, na nyumba inyamaze. Ama sita, na Jumamosi Kwamboka ahesabu kwa sauti. Alimkumbuka mkulima mmoja aliyewahi kumwomba dawa mara mbili ya kipimo ili ng'ombe apone kabla ya mnunuzi kufika. Alimfukuza dukani.

"Nipe sita," alisema. "Siui samaki ili hesabu ipendeze."

*

Ijumaa alasiri alikuwa anaepua sufuria ya mwisho aliposikia kelele njiani. Ilikuwa sauti ya Mzee Masese, na ilikuwa inagombana na dunia nzima.

"Mtu hawezi kubeba mtungi bila kuulizwa? Hata kwenye Injili yupo mtu aliyebeba mtungi!"

Aliingia uani amelowa suruali kuanzia goti. Mkononi alishika mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia uliokatwa kichwa, umefunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa ameamka alfajiri, akaenda hadi Kendu Bay, akazunguka kwa wavuvi akiuliza, yeye mzee wa kanisa mwenye tai, nani ana samaki anayelia. Walimcheka. Mmoja alimwimbia. Na kituoni Nyakoe waumini wawili walichungulia chini ya jani, wakaona ndevu, wakamtazama.

"Wawili wawili," alisema, akiuweka mtungi kizingitini bila kukikanyaga. Alikuwa anahema. "Sasa hakuna mtu atasema nyumba ya mwanangu haikukamilika. Mweke."

Celestine alipiga magoti akaondoa jani. Alikuwemo kweli, mdogo kidogo kuliko Sylvanus, madoa mazuri. Alimgeuza pole kwenye mwanga. Pezi la mkia limechanika, si neno, litaota. Lakini ubavuni kulikuwa na vidoadoa vyeupe kama punje za chumvi, na alivijua.

Moyo ulimlegea kwa ajili ya suruali ile iliyolowa. Hakuulegeza mdomo.

"Haingii, Tata."

"Nini?"

"Ana ugonjwa. Hata angekuwa mzima haingii. Samaki aliyetoka ziwani leo anakaa peke yake kwanza. Nitamweka kwenye lile tangi la zamani, hapa barazani. Nimtibu, nimwangalie. Wiki tatu, labda nne."

"Wiki nne? Waumini wanakuja kesho!"

"Karibu yao."

"Watakuta safi ni sita na asiye safi ni mmoja! Hiyo ni hesabu gani?"

"Ni hesabu ya maji."

"Nimetoka Kendu Bay!" Mzee alipiga fimbo chini, Chui akaondoka kabisa. "Nimeimbiwa nyimbo! Nimeaibishwa stendi nzima! Na sasa samaki niliyemleta mwenyewe ananyimwa mlango? Nani ameamua?"

"Mwenye nyumba," Celestine alisema.

Hakupandisha sauti. Mzee alitazama nyuma ya Celestine kana kwamba mwenye nyumba huenda amesimama hapo. Anyona alikuwa hapo, ndiyo, ameshika tangi la zamani kwa mikono yote miwili.

"Niliweke wapi?" Anyona aliuliza, na hakumuuliza baba yake.

"Kando ya kiti cha Tata. Si kwenye jua."

Waliunganisha pampu kwa waya uliopitishwa dirishani. Celestine alimwongezea mgeni maji kidogo kidogo kwa kikombe, nusu saa nzima, ili asishtuke. Mzee alikaa kitini kwa hasira, mikono imefungwa, akitazama migomba. Kikombe cha nane aliacha kuitazama migomba. Cha kumi alikuwa ameinama.

"Ameanza kupapasa," alisema, kama mtu anayelalamika.

"Anatafuta chakula."

"Hajala tangu asubuhi. Anakula nini?"

"Minyoo. Ile myekundu ya samadini."

"Minyoo!" Mzee alisimama, akamtazama Mungu wake juu ya paa la mabati, akamtazama mkaza mwanawe. Jua lilikuwa bado halijagusa kilima, Sabato haijaingia. Akalichukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaanza kushuka akinung'unika kwa Ekegusii.

"Upande wa zizi, Tata," Celestine alimwita. "Kwenye sukuma wiki nimenyunyiza dawa ya wadudu."